Sahani Tatu za Mawaleh

Kila asubuhi ya kazi, kabla ya kutia ufunguo mlangoni, Bi Thuwaiba hupiga hodi mara tatu. Nyumba anazozipigia hodi hazina watu. Zimekwisha kutwaliwa na benki, wenyewe wamekwisha kuhama, na ufunguo anao yeye mkononi. Hata hivyo husimama kizingitini, hupiga hodi, husubiri kiasi cha mtu kutoka jikoni mpaka mlangoni, ndipo hufungua. Anjelina, aliyefanya naye kazi mwaka wa kwanza, alikuwa akimjibu kutoka nyuma yake, "Karibu!" ili amchekeshe. Bi Thuwaiba hakucheka.

"Usikaribishe watu nyumbani kwa mwenzio," alimwambia.

Ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa na miaka sita, na tangu hapo hajaishi pengine. Kwa miaka thalathini alifanya kazi wizarani, katika chumba cha mafaili, mpaka alipostaafishwa pamoja na wenzake wote waliotimiza muda huo. Mumewe amefariki. Mwanawe mmoja yuko Sohar na familia yake. Nyumba yake ya Ansab na yetu zinagawana ukuta, kwa hiyo nimemjua maisha yangu yote bila ya kuzungumza naye sana. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika habari zake, aliniruhusu nifuatane naye kazini wiki mbili, kwa sharti kwamba nisimchoshe kwa masuali. Sharti hilo halikunipa taabu.

Kazi hii aliianza kwa sababu ya pipa la taka. Mtaani petu palikuwa na nyumba iliyochukuliwa na benki baada ya hukumu ya mahakama. Ilipofika siku ya kuisafisha, waliletwa vibarua kutoka Ghala, mtaa wa viwanda, wakaimaliza kwa siku moja, kwani kila kilichokuwamo walikirusha kupitia dirisha la juu kwenye pipa kubwa la baladia, yaani manispaa. Bi Thuwaiba alikwenda kutupa takataka zake akaona ndani ya pipa picha ya bibi harusi, na chini yake juzuu ya Kurani ya mtoto, kurasa zake zimefunguka na zimelowa mafuta ya samli. Alitafuta kopo la rangi, akapanda juu yake, akaitoa juzuu. Ile picha aliigeuza uso chini akaiacha.

Wiki iliyofuata alikwenda benki. Alikaa saa nzima kwenye foleni isiyo yake, akaelekezwa kwenye foleni nyengine, na mwisho akamuuliza kijana aliyekuwa nyuma ya meza ni nani aliyepewa kazi ya kusafisha nyumba zile.

"Kwani wewe una kampuni?" kijana alimuuliza.

"Sina."

"Basi tunaongea nini, khalti?" alisema, kama Waarabu wanavyomwita mama mdogo.

Bi Thuwaiba alirudi nyumbani, na baada ya miezi minne alikuwa na kampuni. Alikuwa na cheti cha biashara, gari la mizigo alilolinunua mkono wa pili Ghala, mashine ya kuvuta vumbi, na wafanyakazi wawili: Semeni wa Pangani, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na Anjelina wa Singida, ambaye kwa miaka mitano kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa watu. Wote wawili walipanga chumba Ghala, juu ya duka la betri za magari. Anjelina alikipenda chumba kile kupita kiasi. Alikuwa akisema kwamba ni mara ya kwanza tangu afike Omani kulala mahali ambapo hakuna anayeweza kumwita.

Bi Thuwaiba aliwafundisha namna yake ya kufanya kazi. Kila karatasi yenye jina la Mungu huwekwa kwenye katoni la peke yake na kupelekwa msikitini. Picha za watu hugeuzwa uso chini bila ya kutazamwa. Friji lililofungwa kwa miezi bila umeme halifunguliwi ndani ya nyumba. Huzungushiwa plastiki, likatolewa zima. Na kabla ya yote hayo, kibao cha jina getini hukitoa mwenyewe, huku akiangalia pembeni, kadiri mtu anavyoweza kufungua skrubu nne huku akiangalia pembeni. Benki humpa namba ya kiwanja. Jina halitaki.

Sababu yake ni rahisi. Watu waliotoka Unguja wanajuana. Harusi ya mtaa wa Mawaleh, watu wa Ansab wameshaisikia kabla wali haujapakuliwa. Akijua nyumba aliyoisafisha ni ya nani, kwenye harusi ijayo atakuja kukaa sinia moja na mwenyewe, naye mwenyewe akimtazama usoni ataona kwamba anajua. Kwa hiyo amechagua kutojua.

Benki ilimjaribu kwa nyumba tatu. Zikienda vizuri, angepewa mkataba wa mwaka mzima. Bila mkataba huo asingeweza kuwaweka wafanyakazi wawili. Hilo aliwaambia wote wawili mapema, asiwafiche. Masharti ya benki yalikuwa mawili. La kwanza, kila kabati lipigwe picha kabla ya kuguswa na picha itumwe saa ileile. Kisichofaa kiingie kwenye pipa, kinachofaa kioshwe na kurudishwa mahali pake kiuzwe pamoja na nyumba, na kisitoke kitu kwenda popote kwengine. La pili, kampuni isiwasiliane na waliokuwa wenye nyumba kwa njia yoyote. Bi Thuwaiba alitia saini. Nyumba ya kwanza ilipita, na ya pili ikapita.

Ya tatu ilikuwa Mawaleh, ghorofa mbili. Yaliyotokea huko nimeyasikia kwa watu watatu, na maelezo yao hayapishani sana.

Nyumba ile haikufanana na zile za mwanzo. Zile zilikaa zimefungwa miezi mingi. Hii wenyewe walitoka Jumapili na wasafishaji wakaingia Jumatano. Sabuni ya chooni ilikuwa bado laini. Alkhamisi mchana Khattab, yule kijana wa benki, angekuja kuikagua.

Anjelina alipewa jiko. Alifungua kabati la juu kabisa, akapiga picha, akaituma, kisha akateremsha sahani tano nyeupe zilizofunikwa kitambaa. Zilikuwa na michirizi ya manjano iliyokaukia. Alitia sabuni, akachukua stilwaya, akaanza kuosha. Alikuwa ameshamaliza mbili Semeni alipoingia kuchukua ndoo.

"Anjelina! Unaosha nini?"

"Sahani. Hawa watu walikula pilau wakazirudisha kabatini hivihivi. Ona binzari ilivyoganda."

"Binzari gani yenye herufi?"

Anjelina aliinyanyua sahani ya tatu kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ya maandishi ilianza ukingoni, ikazunguka na kuzunguka mpaka katikati.

"Jamani," alisema. "Nikajua ni maua."

"Zafarani hiyo. Ni kombe. Mgonjwa anatiliwa maji humo, wino unayeyuka, anakunywa. Dawa ya mtu hiyo, Anjelina!"

"Na mimi nimeshaosha mbili."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, da Semeni. Na stilwaya."

Bi Thuwaiba aliitwa kutoka juu. Alivua glavu, akazigeuza sahani zote moja moja. Chini ya kila sahani palikuwa na namba ndogo ya kalamu nyeusi. Zilizooshwa zilikuwa namba tatu na namba nne. Zilizobaki zilikuwa tano, sita na saba. Namba moja na namba mbili hazikuwapo. Hesabu ilikuwa wazi kwa wote watatu: kombe la asubuhi saba, mgonjwa amekunywa asubuhi mbili, siku ya tatu wamehama, na katika fujo la kuhama dawa imesahauliwa juu kabatini. Ndani ya kitambaa mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Semeni alikuwa ameshaanza kuikunjua.

"Ikunje," Bi Thuwaiba alimwambia. "Usisome."

"Lakini si ndiyo tutajua za nani?"

"Ndo maana nnakwambia usisome."

Anjelina alikuwa akiosha mikono kwa mara ya tatu. "Mama, mimi ni Mkristo, sikujua. Nimepata dhambi?"

"Hapana dhambi kwa asojua. Maji yake yako wapi?"

"Yameenda na sinki."

"Basi yashakwenda."

Semeni alisema jambo si gumu. Wapige picha kitambaa tu, waitie kwenye grupu la simu la wanawake waliotoka Unguja, na kabla ya Magharibi mwenyewe atajitokeza.

"Atajitokeza aseme kazisahau wapi?" Bi Thuwaiba aliuliza.

Semeni alikuwa ameshatoa simu. Bi Thuwaiba aliendelea:

"Atasema kazisahau kwenye nyumba ya Mawaleh. Watamuuliza, ee, kwani mmehama? Mmehamia wapi? Mbona hamkutwambia, tukaja kukusaidieni? Wamuulize watu mia mbili na arubaini, kila mmoja na ua lake na mikono yake ya dua. Hapana."

Palikuwa na njia nyengine, na Semeni aliijua kwa sababu baba yake aliifuata. Maandishi yakishakosa mwenyewe, huoshwa kwa maji safi, na maji yale humwagwa mahali pasipokanyagwa. Uani palikuwa na mndimu. Wangeosha zile tatu, maji wakayamwaga shinani, sahani zikawa sahani, kabati likawa na tano kama ilivyo kwenye picha. Semeni alileta jagi la maji ya kunywa. Bi Thuwaiba alilipokea akalishika muda mrefu, mpaka Anjelina akadhani anasoma kitu.

"Huyu mgonjwa yuko katikati ya dawa," alisema mwisho, akaliweka jagi chini.

Mwandiko aliujua. Maskati waandikao kombe ni wachache, na karibu wote huanza katikati wakaenda nje. Anayeanza ukingoni ni Maalim Sleiman wa Ansab, ambaye aliwahi kumwandikia mama yake Bi Thuwaiba katika maradhi yake ya mwisho, na sahani zake zilikuwa hivihivi, na namba chini. Maalim akiisoma karatasi ile atajua ni ya nani. Bi Thuwaiba mwenyewe hatalazimika kujua.

Alizifunga sahani tatu kwenye kitambaa chake. Anjelina alisimama mbele ya mlango wa jiko.

"Mama, na ile sheria? Kitu kisitoke."

"Naijua. Nimeitia saini."

"Sasa si tuzirudishe tu kabatini? Hatujaona kitu. Kesho huyo kaka anakuja, anahesabu tano, anaondoka."

"Na atakayeinunua nyumba atazilia pilau."

"Mama, mimi sitaki kurudi kulala kile chumba cha karibu na jiko la watu. Nakuambia ukweli wangu. Sitaki."

Bi Thuwaiba alimwambia kwamba amemsikia. Alimwambia pia sakafu ya ukumbi bado. Kisha akapita, akaingia garini.

Kwa Maalim Sleiman hakukaa. Alisimama barazani, akampa mzigo, akamweleza kwamba zilikuwa tano na mbili zimeoshwa na mtu asiyejua. Maalim alifungua karatasi, akaisoma, akaikunja vilevile ilivyokuwa.

"Nitaziandika upya hizo mbili," alisema. "Unataka nimwambie nani kazileta?"

"Mie sikuleta kitu, maalim. Wala sijui kwa nani."

"Nimefahamu."

Alirudi Mawaleh kabla ya Adhuhuri, akapiga hodi, akaingia, akapiga deki ukumbi pamoja na Semeni. Anjelina alikuwa juu akisugua vigae vya choo, na siku ile hakushuka kula.

Khattab alikuja Alkhamisi kama alivyosema. Ni kijana wa Bahla, mpole, hupenda kuvua viatu hata kwenye nyumba tupu. Alipitisha kidole juu ya fremu za milango, akakiangalia, akakipitisha tena. Alisema hajapata kuona nyumba safi namna ile. Kisha akaingia jikoni na simu yake na kuanza kulinganisha picha na makabati.

"Khalti, hapa kwenye picha sahani ni tano. Kabatini naona mbili."

Bi Thuwaiba alimweleza. Walikuwa wakizungumza Kiarabu. Hakuacha kitu, hata stilwaya aliitaja. Khattab alicheka kidogo, si kwa dharau.

"Sisi kwetu tunaita mahwu," alisema. "Bibi yangu alikuwa akininywesha kabla ya kila mtihani. Nimehitimu chuo kikuu kwa zafarani." Alitoa karatasi ya ukaguzi na kalamu. "Andika zimevunjika."

"Hazikuvunjika."

"Najua hazikuvunjika. Nakuambia andika tu. Sahani tatu, khalti! Nani atauliza?"

"Mie nimekaa miaka thalathini kwenye mafaili, mwanangu. Nimesoma ripoti za vitu vilovunjika. Makabati. Magari. Kuna mwaka lilivunjika boti."

"Basi ngoja nikanunue tatu dukani hapo mbele. Nyeupe ni nyeupe."

Anjelina alikuwa uani karibu na dirisha. Kiarabu chake ni cha jikoni, lakini neno sahani na neno kununua aliyajua kwa Kiarabu. Aliita kwa Kiswahili, "Mama, kubali!"

"Anasema nini?" Khattab aliuliza.

"Anasema nikubali."

"Mwenye akili huyo."

"Anazo," Bi Thuwaiba alisema. Akachukua kalamu. Aliandika kwamba sahani tatu zimetolewa nyumbani siku ya Jumatano na kurudishwa kwa aliyeziandika, kwa kuwa zilikuwa dawa ya mgonjwa, na kwamba aliyezitoa ni yeye na si mfanyakazi wake yeyote. Alitia tarehe na saini. Khattab aliisoma mara mbili, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jibu la benki lilikuja baada ya wiki tatu. Lilisifu usafi wa nyumba zote tatu, likataja sharti la kwanza na la pili, likasema mkataba wa mwaka imepewa kampuni nyengine. Semeni anasema Bi Thuwaiba alilisoma wima, akalitoboa matundu mawili, akalitia kwenye faili.

Anjelina alikaa mpaka mwisho wa mwezi. Sasa yuko nyumbani kwa watu, Al Khoud, na anapumzika Ijumaa mchana. Siku hiyo ndiyo nilimpata. Chumba chake kiko karibu na jiko. Nilitazamia amseme Bi Thuwaiba vibaya, hakumsema. Alisema Bi Thuwaiba alimwandikia barua nzuri ya kazi na akamtafutia watu wenye adabu. "Lakini nilikasirika, wewe andika tu, nilikasirika sana. Siku mbili sikumsalimia. Halafu nikasema, kwani nani aliyeanza na stilwaya?" Aliangalia simu yake aone saa. "Chumba cha Ghala nakiota mpaka leo. Hata ile harufu ya betri."

Semeni amebaki. Anaishi peke yake juu ya duka la betri, na upande wa chumba aliokuwa akilala Anjelina ameweka ndoo na mashine.

Bi Thuwaiba hasafishii tena benki. Anawasafishia wanaonunua nyumba hizo kwenye mnada, baada ya kukabidhiwa funguo. Mnunuzi hana masharti ya benki. Ukimwambia kuna katoni la karatasi linakwenda msikitini, anasema sawa. Wengi wao hupewa namba yake na Khattab, ingawa Khattab mwenyewe akiulizwa husema hajui wameipata wapi. Ni nyumba mbili kwa mwezi, kuna mwezi moja. Anasema inatosha kwa mtu na mwenzake, haitoshi kwa watatu.

Nilifuatana naye wiki mbili kama tulivyokubaliana. Nilimwona akigeuza picha, akifungua vibao getini na kuangalia pembeni, akibishana na Semeni juu ya kipimo cha klorini. Nyumba ya mwisho ilikuwa Ghala, fleti ndogo iliyokuwa imeachwa na masufuria yote, na tuliimaliza kabla ya Alasiri. Semeni tulimteremsha mlangoni pake. Tukabaki wawili garini, njia nzima ya kurudi Ansab, na mimi sikuwa nimemuuliza lolote kwa siku kumi na nne.

Tulipofika kwetu alizima gari, lakini hakushuka. Alikuwa akitafuta miwani yake kwenye mkoba.

"Bi Thuwaiba," nilisema, "mgonjwa alipona?"

Aliipata miwani, akaivaa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Maalim hajanambia, na mie sijamuuliza."